Maisha ya Tom Bacon, Mhandisi Aliyeikwepa Platinamu

Jarida letu limezoea kutuletea habari za mashujaa waliotutangulia: washairi, wapigania uhuru, wanariadha na viongozi. Mwaka huu mimi nimeshika kalamu niwaletee habari za mhandisi. Najua wapo watakaoguna. Kemia kwa Kiswahili? Tena katika jarida la Chama? Ndiyo, hasa! Nipeni nafasi niseme, kisha mtanihukumu.

Yote yalianzia maabarani. Siku hiyo mwalimu wetu wa kemia alikuja na betri kuukuu za redio, zile tunazoziita mawe. Alizipasua, akatoa vijiti viwili vya kaboni, akavitumbukiza katika maji yaliyotiwa asidi kidogo, kisha akapitisha umeme. Mapovu yakaanza kupanda: upande mmoja haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Hilo tulilijua kutoka vitabuni. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Aliondoa betri aliyokuwa akitumia, mahali pake akaweka voltimita. Mshale ukaruka! Tukabaki vinywa wazi. Umeme ulikuwa ukitoka wapi na hali betri imekwisha kuondolewa?

Mwalimu akatueleza kuwa zile hewa mbili tulizozitenganisha zilikuwa zikirudiana, na katika kurudiana zilikuwa zikiturudishia umeme tuliowapa maji. Hata hivyo, kabla hatujamaliza kushangilia, mshale ulianza kushuka, ukashuka mpaka karibu na sufuri. Kaboni tupu haiwezi kazi hiyo kwa muda mrefu, alisema. Inayoiweza vizuri ni platinamu. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini shule isinunue platinamu. Darasa zima likaangua kicheko, kwa maana madini hayo ni ya kutengenezea mapipa ya wenye nazo, yaani pete na mikufu, wala si ya shule ambayo hata bikari zake zimebaki za kuhesabu.

Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini moyoni niliumia. Nilitoka pale nikiamini kuwa sayansi ni ya wenye mali, na sisi wengine kazi yetu ni kukariri. Nilipomwambia mwalimu hivyo, hakubishana nami. Alinituma tu nikasome habari za mtu aitwaye Bacon. Haya basi ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, tusichanganye majina. Yuko Francis Bacon mwanafalsafa, aliyefariki mwaka wa 1626. Huyu wangu ni Francis Thomas Bacon, ambaye watu walimwita Tom. Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1904 huko Billericay, katika jimbo la Essex, Uingereza.

Hapa sina budi kukiri jambo. Nilitarajia kukutana na mtoto wa maskini aliyesomea kibatari, maana ndivyo hadithi nyingi za mashujaa zinavyoanza. Wapi! Nilikuta kwamba Bacon alitoka katika familia ya kiungwana, akasoma Eton, mojawapo ya shule za kitajiri kabisa Uingereza, kisha akaingia Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea uhandisi. Nusura nifunge kitabu. Mtu wa namna hiyo atanifundisha nini mimi wa vijiti vya mawe ya redio? Lakini mwenda pole hajikwai, nikaendelea kusoma.

Mwaka wa 1925 Bacon alianza kazi katika kampuni ya C. A. Parsons mjini Newcastle. Kampuni hiyo ilikuwa ya Sir Charles Parsons, aliyevumbua tabo ya mvuke, ile mashine ambayo mvuke huizungusha ili izalishe umeme. Kijana Bacon angeweza kukaa hapo kwa raha mustarehe mpaka astaafu. Kilichomtoa katika raha hiyo ni makala.

Mwaka wa 1932 alisoma katika jarida la uhandisi habari za haidrojeni. Wazo lililokuwamo lilikuwa hili: umeme wa ziada utumiwe kupasua maji, haidrojeni itakayopatikana iwekwe akiba, na baadaye ichomwe katika injini. Bacon akaona kasoro mara moja. Injini inapochoma kitu, sehemu kubwa ya nguvu hupotea kama joto. Kwa nini hewa hizo zisirudianishwe taratibu ndani ya chombo, umeme ukatoka moja kwa moja bila moto wala moshi? Chombo cha namna hiyo huitwa seli ya fueli.

Wazo la seli hiyo halikuwa jipya. Mwaka wa 1839 Mwelsi mmoja, William Grove, aliyekuwa mwanasheria na mwanasayansi pia, alikwisha kuonyesha kuwa haidrojeni na oksijeni zikikutana juu ya platinamu ndani ya asidi, umeme hupatikana. Takriban miaka 100 ilikuwa imepita na uvumbuzi wa Grove ungali kitu cha kuchezea maabarani. Platinamu ilikuwa ghali mno, na umeme wenyewe kiduchu.

Ngoja nieleze kazi ya hiyo platinamu, maana hapa ndipo penye kiini cha maisha ya Bacon. Haidrojeni haina taabu sana. Mkaidi ni oksijeni. Atomi zake mbili zimeshikana kama chanda na pete, na ili molekuli moja ibadilike inahitaji kupokea elektroni 4. Ikiachwa peke yake hujivuta mno. Ndipo anapohitajika kichocheo. Kichocheo ni kama mshenga: huwaleta pamoja wawili wasiojuana, hulainisha maneno, ndoa ikafungwa, naye akaenda zake kumtafutia mwingine mchumba. Yeye mwenyewe haolewi wala haoi. Platinamu ni mshenga hodari kupita wote, ila ujira wake hulipiki.

Bacon alianza majaribio kwa platinamu na asidi kama Grove, lakini hakukaa sana kabla ya kubadili njia. Alitaka seli itakayofanya kazi ya kweli duniani, na hakuna kiwanda ambacho kingejenga mitambo mikubwa kwa madini ya vito. Akaichagua nikeli, madini ya kawaida yatumikayo hata katika sarafu. Shida ni kwamba asidi huila nikeli. Basi akaiacha asidi, akashika alkali, yaani kinyume chake. Magadi yetu ya jikoni ni alkali hafifu. Aliyoitumia Bacon ni potasiamu haidroksaidi, alkali kali inayochuna ngozi. Ndani yake nikeli hukaa salama zaidi.

Lakini msidhani mambo yalikwisha hapo. Aliyekwepa gharama ya platinamu alijikuta akilipa gharama nyingine. Nikeli katika baridi ni mshenga mvivu. Ili ichangamke ilibidi ipashwe joto hadi kiasi cha nyuzi 200. Maji nayo, kama tujuavyo, huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo ili yasitoroke kama mvuke ilibidi kila kitu kifungiwe ndani ya chuma kizito kwa shinikizo la zaidi ya mara 25 ya hewa ya kawaida. Hebu fikirieni: haidrojeni, oksijeni, alkali ya kuchoma, joto na shinikizo, vyote chumba kimoja! Si mchezo.

Mwaka wa 1937 Bacon aliwapelekea wakubwa wake wa Parsons pendekezo lake. Hawakuvutiwa. Wao walikuwa watu wa tabo, na tabo zilikuwa zikiuzika. Bacon hakukata tamaa. Alianza kufanya majaribio kwa siri, mengine papo hapo kazini. Za mwizi ni arobaini: alipogunduliwa, aliambiwa achague moja, ama aache majaribio yale ama aache kazi.

Mimi ningechagua mshahara, nasema kweli. Bacon wakati huo alikuwa na mke, maana alioa mwaka wa 1934, na ulimwengu ulikuwa umeingia vitani. Aliacha kazi. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Ni kweli kuwa mali ya kwao ilimsaidia asilale njaa, na si haki kulificha hilo. Lakini matajiri wangapi wamepewa nafasi kama yake wakaitumia kununua farasi wa mashindano?

Mwaka wa 1940 alipata nafasi ya kuendelea na utafiti katika Chuo cha King's mjini London, akisaidiwa na Charles Merz, mhandisi mashuhuri wa umeme. Bahati haikudumu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Merz aliuawa mabomu yalipoangushwa London. Baadaye Bacon alihamishiwa Fairlie huko Uskoti, kwenye utafiti wa jeshi la majini wa kutafuta nyambizi za adui. Seli yake ikawekwa kando mpaka vita vikaisha.

Mwaka wa 1946 alirejea Cambridge, safari hii kama mtafiti, akaanza tena. Hapo alikutana na matatizo mawili ambayo yangemshinda mwenye roho nyepesi.

La kwanza lilikuwa la mahali pa kukutania. Ili oksijeni ibadilike, vitu vitatu lazima vikutane mahali pamoja: hewa, maji ya alkali na nikeli. Ukitumia bamba la nikeli lililo laini, nafasi ya kukutana ni ndogo. Bacon na wenzake walitengeneza mabamba yenye vitundu kama sifongo, tena ya tabaka mbili. Upande wa hewa vitundu vilikuwa vikubwa, na upande wa maji vilikuwa vidogo sana. Vile vidogo vilinyonya maji na kuyashikilia, kama utambi unavyoshikilia mafuta ya taa, na vile vikubwa vilibaki wazi kwa ajili ya hewa. Mpaka kati ya maji na hewa ukakaa pale pale palipotakiwa.

La pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo lilikuwa upande wa yule yule mkaidi, oksijeni. Katika joto lile nikeli ilianza kuliwa na kutu, kutu ya rangi ya kijani ambayo haipitishi umeme. Seli ilianza vizuri kisha ikadhoofu. Ilionekana kama kwamba platinamu inacheka kwa mbali. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu: badala ya kuizuia kutu, waliikaribisha mapema na kuitia adabu. Waliloweka bamba katika mchanganyiko wenye lithiamu, wakalikausha, kisha wakalichoma hewani kwa joto la kiasi cha nyuzi 700. Kutu iliyotokea ilikuwa nyeusi, si ya kijani, na iliyo nyeusi hupitisha umeme. Zaidi ya hayo iliilinda nikeli iliyo chini yake. Adui akageuzwa mlinzi wa mlango.

Ungedhani sasa watu wangepanga foleni. Thubutu! Mwaka wa 1954 betri ndogo ya Bacon ilionyeshwa London, watu wakaitazama, wakaenda zao. Hapakuwa na kiwanda kilichojitokeza, na pesa za utafiti zikakatika. Hapo alikuwa ametumia zaidi ya miaka 20. Hatimaye shirika la serikali lililohusika na kuendeleza uvumbuzi likakubali kumpa fedha, akaendelea katika karakana za kampuni ya Marshall hapo hapo Cambridge.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1959 aliwaita watu waje waone. Seli 40 zilizopangwa pamoja zilitoa kiasi cha kilowati 5 za umeme. Umeme huo uliendesha msumeno wa mviringo, ukachomelea vyuma, ukaendesha gari la kunyanyulia mizigo. Ndani hamkuwa na platinamu. Bacon alikuwa na umri wa miaka 54, na ile makala aliisoma akiwa na miaka 27. Hesabuni wenyewe: nusu ya maisha yake aliyokwisha kuishi.

Wamarekani walikuwa wakitazama. Kampuni ya Pratt & Whitney ilinunua haki ya kutumia uvumbuzi huo, ikaurekebisha, na seli hizo zikachaguliwa kwa vyombo vya Apollo vya safari za mwezini. Betri za kawaida za kutosha safari nzima zingekuwa nzito mno. Kila chombo kikuu cha Apollo kilibeba mitambo 3 ya seli hizo, kila mtambo ukiwa na seli 31, zenye mabamba ya nikeli ya ukoo ule ule wa Cambridge. Nayo maji yaliyotokea hewa ziliporudiana hayakumwagwa. Wanaanga waliyanywa.

Mwezi wa Julai mwaka wa 1969 Neil Armstrong na Edwin Aldrin walipokanyaga mwezi, Michael Collins alikuwa akizunguka juu yao katika chombo kikuu, na taa zake ziliwashwa na seli hizo. Baadaye mwaka huo wanaanga hao walifika London, na Bacon alikutana nao katika makao ya waziri mkuu. Walimpa picha ya safari yao iliyotiwa sahihi zao wote watatu. Kwa mtu ambaye wakubwa wake walimwambia achague kazi au majaribio, sijui kama ipo zawadi iliyo tamu zaidi.

Umuhimu wa seli hizo ulionekana zaidi zilipozimika. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13 lililipuka. Kosa halikuwa la seli, lakini bila oksijeni seli ni chuma tu. Umeme ukaanza kufa, na wanaanga watatu wakalazimika kuhamia katika chombo kidogo cha kutua mwezini na kutumia betri zake ili warudi salama. Kweli, thamani ya kisima hujulikana kinapokauka.

Nisije nikawapamba kwa uongo. Nikeli haikushinda kila mahali. Vyombo vya anga vya Marekani vilivyofuata, vile vilivyoruka kati ya mwaka wa 1981 na 2011, vilitumia seli za alkali zenye dhahabu, platinamu na paladiamu, kwa kuwa serikali ilikuwa na uwezo wa kulipa na wepesi wa chombo ndio uliotakiwa. Huku duniani pia seli ya alkali ina udhaifu wake: kaboni dayoksaidi iliyo hewani huingia katika alkali na kuiharibu. Angani walibeba oksijeni safi, lakini gari la barabarani huvuta hewa hii yetu. Ndiyo maana ndoto ya Bacon ya kuona seli zake kila mahali hakuiona ikitimia.

Hata hivyo mlango alikwisha kuufungua. Mwaka wa 1964 Raymond Jasinski alionyesha kuwa mchanganyiko wenye kobalti, wa jamii moja na rangi za buluu za viwandani, unaweza kuichochea oksijeni ndani ya alkali. Tangu hapo wataalamu wamejaribu chuma, kobalti, manganizi, hata kaboni iliyotiwa naitrojeni, wote wakimtafuta mshenga wa bei nafuu. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo.

Bacon mwenyewe alipewa nishani ya OBE mwaka wa 1967, na mwaka wa 1973 akachaguliwa kuingia Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza. Alifariki tarehe 24 Mei 1992 katika kijiji cha Little Shelford, karibu na Cambridge, akiwa na umri wa miaka 87.

Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia nimemaliza kusoma. Aliniuliza nimejifunza nini, nami nilishikwa na kigugumizi. Sasa nadhani ninalo jibu. Nilidhani kikwazo chetu ni kukosa platinamu. Bacon alikuwa na uwezo wa kuinunua, akaiacha kwa hiari yake, kwa sababu alijua kuwa jambo linalowezekana kwa wachache tu bado halijawezekana. Akalipa kwa miaka kile ambacho hakutaka watu walipe kwa pesa. Madini ya kawaida hayakuwa dhaifu, yalikuwa yakisubiri mtu wa kuyaelewa.

Tangu hapo vile vijiti vya kaboni sivicheki tena. Wiki iliyopita, baada ya chakula cha jioni, mimi na wenzangu wawili tulimwomba mwalimu ruhusa tukarudia lile jaribio, safari hii tukipima ni sekunde ngapi mshale hukaa juu kabla ya kushuka. Tumeandika hesabu zetu katika daftari. Muhula ujao tutajaribu kuvikwaruza vijiti kwa msasa ili viwe na vitundu zaidi, tuone kama mshale utachelewa kuanguka. Anayetaka kujiunga nasi anakaribishwa, Kiswahili kitatumika.

Kengele ya kulala imelia na mwalimu wa zamu anapita. Kalamu naiweka chini. Wakatabahu.